Pampu ya oili ya mashine ya boti: ing'olewe au iachwe?

Sisi huku Katy hatujambo, isipokuwa joto linatuchemsha kama mihogo. Najua nimekaa kimya muda mrefu. Shifti za usiku zimenibana, na juu ya hapo kwa wiki tatu familia nzima imegawanyika pande mbili kwa ajili ya kitu kidogo chenye ukubwa wa ngumi ya mtoto. Mlioko kwenye grupu la familia mnajua ninachozungumzia. Msiojua, kaeni mkao wa kula, leo naeleza yote na kutoa msimamo wangu, kisha mnipige mawe mkitaka.

Kitu chenyewe ni pampu ya oili ya mashine ya boti.

Najua shangazi yangu mmoja ataanza: "Tumemsomesha unesi mpaka digrii, sasa kageuka fundi mashine!" Shangazi, shikamoo. Nisikilize mpaka mwisho utaona unesi umeingiaje hapa.

Mashine tunazozizungumzia ni mbili. Ya kwanza ni ya kwetu hapa, Yamaha ya nguvu 90, imefungwa kwenye boti ambayo shemeji yenu aliinunua na rafiki yake kwa kuchangiana. Katy haina bahari, tuko bara kabisa magharibi mwa Houston, kuanzia hapa mpaka Galveston ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Lakini boti zimejaa kwenye matrela. Na toka Agosti 2017, Harvey ilipokuja na maji ya bwawa la Barker yakaingia kwenye nyumba za watu, na watu wakatolewa madirishani na majirani wenye viboti vyao, wanaume wa hapa hawaambiwi kitu kuhusu boti. Shemeji yenu naye akaambukizwa. Chama cha wakazi wa mtaa wetu hakitaki boti ionekane nje ya nyumba, kwa hiyo tunalipia hata mahali pa kuilaza. Mnaona mambo hayo!

Mashine ya pili ndiyo iliyoleta ugomvi. Ni Yamaha ya nguvu 40, silinda tatu, ya miaka ya 1990, niliyoinunua kwa mzee mmoja wa San Leon, ukingoni mwa ghuba ya Galveston. Nimeinunua kwa ajili ya kaka yangu huko Kilindoni. Hela yake ni ya shifti za ziada, usiku kumi na moja, nimezihesabu. Ilikuwa iingie kwenye kontena mwezi uliopita. Haikuingia, kwa sababu kaka alinipigia simu akasema: "Dada, kabla hujaileta, ing'oe hiyo pampu ya oili. Mimi siitaki." Shemeji yenu aliyekuwa anasikiliza pembeni akaruka: "Kung'oa? Pampu nzima? Wazimu huo!" Hapo ndipo vita vilipoanza.

Sasa kwa wale wasiojua mashine, naeleza kama nilivyoelezwa mimi.

Mashine hizi za zamani ni za mipigo miwili. Injini ya gari ina oili yake chini, inazunguka humo humo, unabadilisha baada ya miezi. Mashine ya mipigo miwili haina bwawa la oili chini. Petroli na hewa hupita kwanza kwenye chumba cha krenkishafti ndipo ziende kuungua juu, na oili inayolainisha beringi, pistoni na ringi ni ile tu inayopita pamoja na petroli. Ikishapita inaungua na kutoka kama moshi. Kwa hiyo kila dakika mashine inataka oili mpya. Ukiinyima ikiwa kwenye kasi, haichukui muda, imenoki. Na ikishanoki, gharama ya kuifufua mara nyingi inapita bei uliyoinunulia.

Kumpa oili mgonjwa huyu kuna njia mbili. Njia ya kwanza ndiyo mnayoijua nyumbani: unachanganya kwa mkono. Lita 20 za petroli, mililita 400 za oili, hiyo ndiyo moja kwa hamsini. Yamaha Enduro mnazoziona pwani yetu yote, kawaida ndivyo zinavyokunywa. Njia ya pili ni ya pampu. Petroli inakwenda tupu kwenye tangi lake, oili ina tangi lake dogo, na pampu inayozungushwa na mashine yenyewe inasukuma oili kwa vijibomba mpaka karibu na kabureta, kila silinda na kijibomba chake. Pampu imeunganishwa na kirungu cha mafuta, ukiongeza mwendo nayo inaongeza oili, ukipunguza inapunguza. Ukienda polepole inatoa kidogo sana, ndiyo maana mashine yenye pampu haina moshi mwingi na plagi zake hazichafuki haraka.

Ukisikiliza mpaka hapo utasema shemeji yuko sahihi. Nani atakataa mashine inayojichanganyia yenyewe?

Lakini huku Marekani kwenyewe mabishano haya ni ya miaka mingi. Johnson na Evinrude walipotoa mfumo wao ulioitwa VRO katikati ya miaka ya 1980, ambao oili na petroli vilipitia pampu moja, watu waliunguza mashine na lawama nyingi zikaiangukia pampu. Nyingine zilistahili, nyingine pengine zilikuwa za mipira iliyoingiza hewa na matangi yaliyoingia maji. Baadaye mfumo ukaboreshwa, lakini jina lilikwisha haribika. Mpaka leo, ingawa kampuni mama ya OMC ilifilisika Desemba 2000 na Evinrude zikaacha kutengenezwa kabisa mwaka 2020, ukimtajia mvuvi mzee wa Texas pampu ya oili, jibu lake ni moja: ing'oe, uchanganye mwenyewe ulale usingizi. Anaweza kuwa hajawahi hata kumiliki VRO. Na mashine zenyewe sasa ni kongwe tu, kwa sababu sheria za moshi zilizopitishwa na serikali ya huku mwaka 1996 ziliziondoa sokoni pole pole zile mashine mpya za mipigo miwili zenye kabureta. Pampu changa katika kundi hili ina umri wa kijana aliyeoa.

Kwa hiyo upande mmoja kuna shemeji yenu: kiwanda kina mainjinia, wewe nani ung'oe walichokiweka? Upande wa pili kaka yangu: kitu nisichokiona kikifanya kazi, siendi nacho baharini. Na mimi katikati, mwenye mashine.

Nakiri kwanza nilikuwa upande wa shemeji. Na sababu yangu ilikuwa mjomba.

Wakubwa mnakumbuka, wadogo mlisimuliwa. Mjomba alitoka Nyamisati jioni kurudi Kilindoni na watu sita ndani ya boti. Walikuwa na madumu mawili ya petroli. La kwanza lilikuwa limechanganywa. La pili, mjomba alijua kijana wake amechanganya, na kijana alijua mjomba amechanganya. Hakuna aliyechanganya. Katikati ya maji walibadilisha dumu, wakaenda kitambo kidogo, mashine ikapiga kelele kama mtu anayesaga mawe, kimya. Walikesha wanasukumwa na mkondo, mama mmoja ana mtoto mchanga, mpaka alfajiri jahazi likawaona. Mtoto yule leo ni msichana mkubwa, alhamdulillahi, lakini mjomba hakurudi tena kwenye kazi ile, na mashine aliyokuwa bado anaidaiwa ikawa nanga ya uwani.

Kwa hiyo kaka aliponiambia anataka kuchanganya kwa mkono nilimjibu kwa ukali: "Umesahau ya mjomba? Binadamu anasahau. Pampu haisahau." Shemeji yenu alinipigia makofi.

Kisha wiki hiyo hiyo kazini likatokea jambo.

Hapa ndipo unesi unapoingia, shangazi. Hospitalini dripu zetu zinaendeshwa na pampu za umeme. Unaandika kiasi, unabonyeza, inahesabu. Mgonjwa akiwa na dripu kubwa ya maji na anatakiwa apate na antibiotiki, tunauning'iniza mfuko mdogo wa dawa juu zaidi, tunauunganisha kwenye mpira ule ule, pampu inavuta kwanza kwenye mfuko wa juu. Mfuko ule mdogo una kibano kwenye mpira wake. Ukisahau kukifungua, pampu haijui. Inavuta maji kwenye mfuko mkubwa, inaandika kwenye kioo kwamba dawa inakwenda, inahesabu mpaka mwisho, inasema imemaliza. Hailii hata mara moja. Ukirudi baada ya nusu saa unaukuta mfuko wa dawa umening'inia umejaa kama ulivyouacha.

Nilirudi nikaukuta umejaa. Nesi wa miaka yote hii! Mgonjwa hakudhurika, nilimwambia daktari, nikajaza fomu, dawa ikaanza upya. Lakini kilichoniokoa ni kwamba niliinua macho nikautazama mfuko. Ningesoma kioo cha pampu peke yake ningeandika "amepewa" nikaenda zangu.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani asubuhi ile kwenye barabara ya I-10, nilijiuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza mzee wa San Leon siku ya kwanza: hii pampu ya oili ikiacha kusukuma, nani atajua?

Nikamuuliza fundi mmoja mzee wa hapa. Jibu lake ndilo lililonigeuza. Kwenye Yamaha kama hizi zetu, kengele inalia oili ikipungua kwenye tangi, na mashine yenyewe inajipunguza kasi ili usiiue. Vizuri sana. Lakini kinachopimwa ni boya ndani ya tangi. Boya linajua kama tangi lina oili, halijui kama oili inafika kwenye silinda. Gia ya pampu ikilika, au mpira mmoja ukipasuka, au kijibomba cha silinda moja kikiziba, tangi litakaa limejaa na kengele itakaa kimya. Tena kadiri pampu inavyokufa ndivyo tangi linavyozidi kukaa limejaa! Ni mfuko wangu wa antibiotiki kabisa.

Basi jamani, msimamo wangu ni huu. Tumekuwa tunabishana kitu kisicho chenyewe. Shemeji anauliza kipi hakikosei, pampu au mtu. Vyote vinakosea, mimi nimeshuhudia vyote viwili, kimoja kwa mjomba na kimoja kwa mikono yangu. La kuuliza ni: kikikosea, mahali pale, siku ile, kuna mtu atakayeona mapema na kuna mtu atakayeweza kurekebisha? Ukiuliza hivyo, mashine mbili za aina moja zinapata majibu mawili tofauti.

Nianze na ya hapa Katy, ile 90. Hii pampu yake inabaki. Boti yetu ina tangi la petroli lililojengewa ndani. Tunatoka labda mara mbili kwa mwezi, wakati mwingine mwezi unapita. Petroli ya huku Houston imechanganywa na ethanoli kama asilimia 10, inavuta unyevu, haipendi kukaa. Petroli ikiwa tupu tunaweza kuitoa na kuitia kwenye gari kabla haijaharibika. Ikishachanganywa na oili basi tena. Halafu tangi likiwa nusu, ukiongeza petroli lazima upige hesabu uongeze oili kiasi gani, na hesabu hizo saa kumi alfajiri, kwenye kituo cha mafuta, na wanaume wawili wanabishana, mimi siziamini. Spea zipo, fundi yupo, na tukikwama Galveston kuna simu na kuna boti za kuvuta.

Lakini hatukuiacha kwa imani tu. Tuliipima. Njia ni rahisi, na yeyote mwenye mashine ya pampu anaweza kuifanya. Tulikopa tangi la mkononi la galoni 6, tukatia petroli iliyochanganywa tayari na painti moja ya oili, kipimo cha huku cha moja kwa hamsini. Maana yake siku hiyo mashine ilipata oili mara mbili, ya kwenye petroli na ya pampu. Ilitoa moshi kama jiko la kuni mbichi, lakini haidhuriki, na kama pampu ilikuwa imekufa tusingeiua mashine kwa kuijaribu. Tukabandika utepe kwenye tangi la oili pale ilipo. Tulipomaliza galoni 6 tukapima oili iliyoshuka: karibu robo tatu ya painti. Kwa mwendo wetu wa siku hiyo, mwingine wa kasi na mwingine wa polepole, ndiyo inavyotakiwa. Sasa kila mwanzo wa msimu tunapima hivyo, na kila safari shemeji anaandika kwenye daftari petroli iliyotumika na oili iliyoshuka. Siku oili isiposhuka, tutajua kabla mashine haijatuambia.

Sasa ile 40 ya kaka. Hii tuliitia kwenye pipa la maji tukaiwasha, tukachomoa vijibomba kimoja kimoja kutazama. Vyote vitatu vilidondosha oili. Pampu nzima, haina kasoro. Na bado nikasema ing'olewe.

Shemeji yenu aliniangalia kama nimeamuru mgonjwa akatwe mguu usiouma.

Lakini fikirini Kilindoni. Petroli inanunuliwa kwa dumu la lita 20, inaisha siku ile ile au kesho yake. Hesabu ni moja tu, haibadiliki: dumu moja, mililita 400. Kuchanganya ni kazi ambayo kila kijana wa pwani anaijua tangu hajaota ndevu. Fundi wa pale anaifungua Enduro akiwa amefumba macho, lakini gia ya pampu ya silinda tatu ya Marekani ataipata wapi? Ataniandikia mimi, mimi nitafute, nitume, ipite mwezi, na katikati ya hapo atafanya nini? Atachanganya kwa mkono! Kwa hiyo pampu ile ingekufa siku moja kwa vyovyote, na siku hiyo ingekuwa baharini, kengele iko kimya na tangi limejaa. Afadhali ife hapa, gereji, nikiiona.

Tena pampu ising'olewe nusu nusu, maana nimesikia watu wanachomoa tu mpira wa oili na kuiacha pampu ikizunguka kavu. Pampu kavu inajisaga na vipande vyake havina adabu. Fundi wetu alitoa pampu pamoja na gia inayoizungusha, akaweka kibati na gasketi mpya pale ilipokuwa. Vile vijibomba vitatu vya kupokelea oili aliviziba kimoja kimoja na kukaza, kwa sababu kimoja kikiachwa wazi silinda inavuta hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa mwepesi, pistoni inaungua hata kama oili ipo. Waya wa boya la oili aliutenga isije kengele ikalia ovyo na mashine kujipunguza kasi bure. Lakini kengele ya joto tulimkataza asiiguse. Ile inabaki na italia kama maji ya kupozea hayapiti. Kaka, ukisikia mtu anataka kuikata kwa sababu inampigia kelele, mwambie dada kakataza.

Hasara zipo na sizifichi. Itatoa moshi zaidi ikienda pole pole. Plagi zitachafuka mapema, hasa ukivuta nyavu kwa mwendo wa konokono, nimekuwekea seti tatu. Na oili utanunua nyingi kidogo kuliko ambavyo pampu ingetumia. Najua ukiona bei utashawishika kupunguza, wapo watakaokwambia mashine fulani inakwenda kwa moja kwa mia. Hiyo ni ya hiyo mashine fulani. Yako ni hamsini. Pia oili iwe ile ya mashine za boti, kopo limeandikwa TC-W3. Oili ya pikipiki haikutengenezewa mashine inayopozwa kwa maji, na oili ya gari ndiyo kabisa.

Bado imebaki ya mjomba, nami sijaisahau. Kumpa kaka mashine isiyo na pampu ni kumrudisha pale pale alipokwama mjomba, kama hatutabadilisha kitu.

Hospitalini dawa za hatari kama insulini na heparini zinahakikiwa na manesi wawili. Watu wanadhani siri ni idadi. Hapana, hata mjomba walikuwa wawili. Kila mmoja alimtegemea mwenzake, hicho ndicho kilichowaponza. Sisi kila mmoja anapima peke yake kama vile mwenzake hayupo, kisha tunalinganisha, na mfuko unawekewa lebo hapo hapo. Mfuko usio na lebo hatuuning'inizi hata kama aliyeuandaa ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana.

Kwa hiyo kaka nakuomba mambo matatu, na mashine hii nimekupa kwa masharti haya.

La kwanza, anayechanganya awe mmoja na ajulikane. Akiwa hayupo mmtaje mwingine kwa jina kabla dumu halijafunguliwa. Oili itangulie ndani ya dumu, petroli ifuate, kisha litikiswe.

La pili, dumu likishachanganywa lifungwe kitambaa chekundu kwenye mkono wake. Nimekutumia vitambaa, vimo ndani ya boksi la plagi, nimevikata mwenyewe kutoka kwenye sare ya zamani. Dumu lisilo na kitambaa haliingii kwenye tangi, awe amelileta nani, iwe mvua, iwe kusi linavuma, iwe abiria wanapiga kelele wanachelewa. Kitambaa kikiwa hakipo mnaangalia tena au mnarudi. Usiku kitambaa unakipapasa kwa mkono, huhitaji tochi.

La tatu, mashine nimeiandika kwa rangi nyeupe pale juu ya kifuniko: HAINA PAMPU. CHANGANYA ML 400 KWA LITA 20. Mtu akikuazima boti, au siku ukiiuza, asije akafungua kifuniko akaona alama za Yamaha za mashine ya pampu akatia petroli tupu. Maandishi hayo usiyafute kwa sababu yanaharibu urembo.

Kuna waliouliza kwa nini nisinunue ya mipigo minne, haina habari ya kuchanganya. Swali zuri. Bei. Na uzito wake, na kaka anaibeba begani kutoka ufukweni kila jioni isiibiwe. Na fundi, kwa sababu zile mpya zina kompyuta na fundi wa pale ana bisibisi. Siku hali ikibadilika tutabadilika.

Shemeji yenu bado hajakubali kabisa. Pampu iliyong'olewa ameifunga kwenye gazeti ameiweka kwenye kabati, anasema siku moja tutajuta. Inawezekana. Nilimwambia iweke salama, gia yake ni saizi moja na nyingine nyingi, labda itamfaa mtu hapa hapa mwenye spea dukani na fundi mtaani.

Kontena linaondoka wiki ijayo inshallah. Kaka, ikifika usiiwashe kwa pupa. Nipigie kwanza, hata kama huku ni saa nane usiku. Niko shifti, nitakuwa macho.

Wengine wote, semeni mnaonaje. Mafundi mlioko Mafia, Kilwa, Tanga na kwingineko, mkiona nimekosea mahali nisahihisheni, sitanuna. Na shangazi, nangoja simu yako.

Nawapenda wote. Wasalimieni wazee.